Sura ya Saba: Vyombo Vinavyovunjika

Vyombo vingi vinavyoharibika wakati wa kuhama nyumba havivunjwi na ajali. Huvunjikia ndani ya boksi ambalo kwa nje halina hata mkunjo, gari likiwa linakwenda mwendo wa kawaida, na mwenyewe hugundua siku ya pili anapofungua. Lawama huwaendea wapagazi na dereva. Mara nyingi hawastahili: chombo kiliachiwa nafasi ya kusogea, au kiligusana na mwenzake, au kilibebeshwa uzito kwa upande wake dhaifu, na yote hayo yalifanyika sebuleni kabla gari halijafika.

Kioo na kauri vina tabia moja. Huvumilia sana kubanwa, lakini havivumilii kuvutwa. Kitu kinapopindwa, upande mmoja hubanwa na upande wa pili huvutwa, na ufa huanzia huko kunakovutwa. Chuma kikivutwa hurefuka kidogo kabla ya kukatika. Kioo hakina hiari hiyo. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza katika makala yake ya mwaka 1921 kwamba kioo hukatika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotarajiwa kwa sababu uso wake una nyufa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na nguvu yote hukusanyika kwenye ncha za nyufa hizo. Kwa anayefunga vyombo, maelezo hayo yana matumizi ya moja kwa moja. Bilauri iliyosuguliwa kwa majivu na mchanga miaka mingi ni dhaifu kuliko nyingine mpya ya aina ileile. Chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya glasi mbili inatosha kuanzisha ufa. Kwa hiyo vyombo huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kufungwa, na kile chenye ufa wa zamani hutengwa, kifungwe peke yake au kiachwe.

Kuhusu kuanguka, hesabu husema zaidi ya maneno. Sahani ya gramu 400 ikidondoka kutoka urefu wa mita moja hufika chini ikiwa na mwendo wa karibu mita 4.4 kwa sekunde. Kwenye sakafu ya saruji husimama ndani ya umbali wa milimita chache tu. Umbali huo ukiwa milimita mbili, kishindo kwa wastani ni mara 500 ya uzito wa sahani, sawa na kuitwisha kilo 200. Sahani hiyohiyo ikiangukia tandiko linalobonyea sentimita nne kabla ya kuisimamisha, kishindo hushuka hadi sawa na kilo 10. Sahani haikubadilika, wala urefu wa kuanguka. Kilichoongezeka ni umbali wa kusimamia.

Ndiyo maana unene wa tandiko una maana kuliko bei yake. Lakini unene peke yake hautoshi. Tandiko laini mno chini ya kitu kizito hubonyea lote mara moja, na kitu hugonga chini kama vile hakukuwa na kinga. Tandiko gumu mno chini ya kitu chepesi halibonyei kabisa. Sponji nyepesi inafaa glasi sita. Chini ya mashine ya kusaga nyama haina kazi, na hapo blanketi lililokunjwa mara nne hufanya vizuri zaidi.

Boksi

Boksi zuri la vyombo ni dogo. Watu hupenda makubwa kwa kuwa yanamaliza kazi upesi, lakini boksi kubwa lililojaa sahani hufikia kilo 40, na mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuushusha taratibu huishia kudondoshwa. Kilo 15 hadi 18 zinatosha. Maboksi makubwa yaachiwe mito, mapazia na vyombo vya plastiki.

Nguvu ya boksi la karatasi iko kwenye pembe zake nne za wima kuliko kwenye kuta pana. Pembe ikishabonyea, boksi limekwisha, hata kama linafungika. Adui wa pili ni unyevu. Katika hewa nzito ya Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika, boksi huweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba maboksi mengine, na lililolala wiki mbili kwenye sakafu ya stoo huwa limeshalegea kabla ya kazi kuanza. Kulijua si vigumu: likikandamizwa kwa kiganja kwenye pembe, zuri hukataa na baya hukubali.

Wengi hupata maboksi dukani, na kila aina ina tabia yake. Ya mafuta ya kula ni magumu kwa sababu yalitengenezwa kubeba uzito, ila yakaguliwe yasiwe yamelowa mafuta. Ya mvinyo na pombe kali huwa na vyumba vya karatasi ndani, na kwa glasi hayana mpinzani. Mhudumu wa baa akiambiwa siku chache mapema huyaweka kando badala ya kuyachana. Ya nepi na biskuti ni mapana, mepesi na dhaifu, yasipewe kitu chochote cha kauri. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko haina budi kutajwa, maana karibu kila nyumba inayo. Haibonyei, haiogopi mvua, ina mkono wa kushikia, na ikitandikwa vizuri ndani hubeba vikombe vya familia nzima. Sufuria kubwa pia hutumika kama chombo cha kufungia, mradi ukuta wake wa bati uvikwe nguo kwanza, kwa kuwa ni mgumu na husukuma kishindo chote ndani.

Chini ya boksi hupigwa selotepu pana katikati ya mshono, kisha mara mbili kwa kukatisha. Kukunja vifuniko vya chini kwa kupishanisha bila gundi, mtindo ulioenea sana, huweza kubeba nguo. Kwa sahani hufunguka, na hufunguka ngazini.

Vya kujazia

Karatasi ya gazeti ndiyo nyenzo ya kwanza kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ikifinyangwa vizuri hushika hewa nyingi na hurudi polepole inapobonyezwa. Kasoro yake ni wino, ambao huhamia kwenye kauri isiyong'arishwa, kwenye kingo zilizopakwa dhahabu na kwenye vidole vya mfungaji. Vyombo vya namna hiyo huvikwa karatasi nyeupe au kitambaa kwanza, gazeti likafuata kwa nje. Karatasi za madaftari ya shule ya mwaka uliopita hufaa pia, ingawa ni ngumu na hazifinyangiki kirahisi.

Nguo zinasafiri hata hivyo, kwa hiyo kuzitumia ni kuokoa nafasi. Khanga chakavu, taulo, mashuka na soksi nzito hufanya kazi ya nailoni ghali, na soksi moja huvaa bilauri moja barabara. Vifungo, zipu na mikanda ya chuma viondolewe. Jezi ya polista inayoteleza haishiki kitu.

Maranda kutoka kwa seremala ni nyenzo bora iliyosahauliwa. Vipande virefu vilivyojikunja hunasana, hivyo havitiririki. Unga wa mbao na pumba za mpunga havina sifa hiyo. Gari likitikisika saa nyingi, chembe ndogo hushuka chini, chombo kizito nacho huzama kikizifuata, na mwishoni sahani inakuwa imekalia sakafu ya boksi, pumba zote zikiwa juu yake. Isitoshe, pumba za mpunga zina silika kwa wingi, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, na zikisugua nakshi za dhahabu kwa safari nzima huacha mikwaruzo. Mwenye kulazimika kutumia pumba azitie kwenye mifuko midogo iliyofungwa, agawe mito yake.

Trei za mayai hazina budi kusifiwa. Ile ya karatasi, yenye vikombe 30, ilibuniwa kushika kitu dhaifu kisichogusana na jirani yake, na vilima vyake hubonyea taratibu. Mbili zikiwekwa chini ya boksi, migongo ikitazamana, ni tandiko zuri kuliko sponji nyingi za dukani. Majani makavu ya migomba, yanayojulikana vyema Kagera, Kilimanjaro na Uganda, hufaa kwa mitungi na vyungu yakiwa makavu kabisa; mabichi huleta ukungu ndani ya siku chache.

Nailoni yenye viputo ni ya majuzi. Alfred Fielding na Marc Chavannes waliigundua mwaka 1957 huko Hawthorne, New Jersey, Marekani, wakiwa wanajaribu kutengeneza karatasi ya kubandika ukutani. Kazi ya kufungia mizigo ilikuja baadaye, kampuni ya IBM ilipohitaji namna ya kusafirisha kompyuta zake. Viputo huelekezwa ndani, upande wa chombo, na nailoni isikazwe hadi vipasuke. Ni nzuri, lakini mwenye kuinunua kwa ajili ya nyumba nzima anatumia fedha ambayo ingelipa mpagazi wa ziada, na mpagazi wa ziada huokoa vyombo vingi zaidi.

Kazi hii yenyewe ni ya kale mno katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilipatikana meli ya karne ya tisa iliyokuwa ikirudi magharibi kutoka China ikiwa na vyombo vya kauri wapatao 60,000. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba bila misumari, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa hadi karne ya ishirini. Bakuli nyingi zilitoka kwenye tanuri za Changsha, na moja imeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Wapakiaji hawakuzirundika ngamani. Walizipanga kwa kuzizungusha ndani ya mitungi mikubwa, bakuli kwa bakuli, na mtungi mmoja uliweza kumeza zaidi ya mia moja. Bakuli hazikuwa na pa kwenda, na mtungi wa duara ulibeba uzito wa juu bila kubonyea. Baada ya miaka zaidi ya elfu moja baharini, nyingi zilitolewa nzima. Vipande vya vyombo vya Changsha vimefukuliwa pia Shanga, kisiwani Pate, jambo linaloonyesha kwamba mizigo ya aina hiyo ilifika salama hadi pwani hii. Sahani za China zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, na zile zilizopambia vidaka vya nyumba za Lamu, zote zilipita kwenye mikono ya mtu aliyejua kufunga.

Kimoja kimoja

Kazi hufanyika juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Sakafuni chombo husahaulika na kukanyagwa, na mgongo huchoka kabla ya kazi kwisha. Boksi huanza na tandiko la sentimita tano hadi nane la karatasi zilizofinyangwa. Vizito hukaa chini, vyepesi juu, na kati ya safu na safu huwekwa kipande cha boksi kilichokatwa kwa kipimo ili uzito ugawanyike.

Sahani husimama kwa ukingo. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, kwa kuwa kabatini sahani hulazwa na mkono umezoea hivyo. Sahani iliyolazwa chini ya nyingine kumi hupindwa kila gari linapopita kwenye tuta: katikati inasukumwa chini, pembeni inazuiwa, na uso wake wa chini unavutwa. Iliyosimama hubanwa kutoka ukingo hadi ukingo, na kubanwa ndiko kauri inakokuweza. Kila sahani huvikwa karatasi yake, kisha nne hufungwa pamoja kuwa furushi moja, na mafurushi husimama bega kwa bega bila pengo. Sahani za melamini na za bati hazihitaji heshima hii. Ziingie kwenye boksi la masufuria.

Mabakuli hupangwa moja ndani ya jingine, matatu hata manne, karatasi nene ikiwa katikati, nayo husimama pia kwa ukingo. Vikombe udhaifu wao uko kwenye mkono. Karatasi husokotwa kama kamba nene na kupitishwa ndani ya mkono, kisha kikombe chote huvingirishwa, na mikono yote ielekezwe upande mmoja ili isikutane. Vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mikono ni vyepesi na ni vigumu kuvunjika kuliko vinavyoonekana. Umbo lao la duara na ukuta mnene kiasi huvisaidia. Havihitaji zaidi ya karatasi moja kila kimoja.

Glasi hujazwa karatasi iliyofinyangwa ndani, bila kusukumizwa, maana karatasi iliyoshindiliwa husukuma ukuta wa glasi kwenda nje na huo ni mvuto uleule unaoogopwa. Husimama wima. Yenye mguu mwembamba hufungwa mguu kwanza hadi unene wake ukaribiane na wa tumbo, ndipo ivingirishwe yote. Hakuna glasi inayoingizwa ndani ya nyingine, hata kama dukani zilikuja hivyo.

Birika la kauri hutenganishwa na mfuniko wake. Mdomo na mkono hupewa kola ya nguo ili visibebe uzito wowote. Seti iliyokaa kabatini ikisubiri wageni, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo pekee yenye thamani ya kweli, inastahili boksi lake na boksi la pili kwa nje, na sentimita tano za karatasi kati ya yote mawili.

Chupa ya chai husahaulika kwa sababu kwa nje ni bati au plastiki. Ndani yake mna chupa ya kioo yenye kuta mbili, hewa ya katikati ikiwa imefyonzwa. Namna hiyo ya kuhifadhi joto ilibuniwa na mwanasayansi wa Skotilandi James Dewar mwaka 1892. Kwenye kitako cha kioo hicho kuna ncha ndogo, mahali kilipozibwa baada ya hewa kutolewa, na pigo dogo hapo hukimaliza. Chupa humwagwa, hukaushwa, hufungwa kizibo na kusafiri imesimama juu ya tandiko nene. Vijiko visitiwe ndani kuokoa nafasi. Inashangaza ni chupa ngapi hufa kwa vijiko.

Mitungi na vyungu vya udongo uliochomwa bila kung'arishwa hunywa maji, na vikiwa na unyevu ni vizito na dhaifu zaidi. Humwagwa siku kadhaa kabla na kuachwa kivulini. Kitako chao cha mviringo hakitulii, hivyo hukalishwa juu ya kata ya nguo, au ngata kama wengine waitavyo, ileile inayowekwa kichwani kubebea mzigo. Shingo hufungwa kwa kitambaa. Mtungi usibebwe kwa shingo wala usigeuzwe kuwa ghala la vitu vingine. Chetezo huondolewa majivu yote, la sivyo yatapaka kila kitu.

Chupa za marashi, mafuta na siki zina tatizo la kwao kwa anayetoka pwani kwenda bara. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa; hewa iliyofungiwa chupani hutanuka na kusukuma kizibo. Chupa ikijazwa pomoni huvuja. Kizibo hukazwa juu ya kipande cha nailoni, chupa hutiwa kwenye mfuko na kusimamishwa kwenye ndoo, mbali na vitambaa.

Nafasi zote zinazobaki hujazwa. Boksi likifungwa hushikwa kwa mikono miwili na kutikiswa taratibu. Likitoa sauti yoyote hufunguliwa upya. Kipimo hiki hakigharimu kitu na bado hurukwa, kwa sababu boksi hufungwa usiku wa mwisho, watu wamechoka na gari limeshaagizwa. Vyombo vya kabatini visivyotumika vifungwe wiki nzima kabla, vikabaki sahani na vikombe vya kila siku tu.

Vioo vikubwa na runinga

Kioo cha ukutani, kioo cha meza na picha ya fremu husafiri vikiwa vimesimama, kwa sababu ileile ya sahani. Kikilazwa, uzito wake mwenyewe unakipinda, na kila tuta linaongeza. Alama ya msalaba ya selotepu inayobandikwa juu ya kioo haikiimarishi hata kidogo. Kazi yake ni kushika vipande kisipopona, na kwa hilo inafaa. Kioo huvikwa blanketi, hubanwa kati ya vipande viwili vya boksi gumu au ubao mwembamba, na kingo zake hupewa kinga ya ziada. Kioo cha meza au cha jiko la gesi kwa kawaida huwa kimeimarishwa kwa joto. Usoni huweza kuvumilia pigo la kushangaza, ila kikiguswa kwenye ukingo na kitu kigumu hulipuka chote kuwa chembe ndogo. Basi hakikalishwi kwenye saruji wala kwenye vigae, hata kwa dakika moja mlango ukifunguliwa.

Runinga bapa ni kioo chembamba mno. Boksi lake la asili, likiwa bado lipo na sponji zake, halina mbadala. Lisipokuwepo, runinga huondolewa miguu, huvikwa shuka laini na kisha blanketi, na husimama wima kama inavyosimama mezani. Desturi ya kuiweka kati ya magodoro mawili ni nzuri kwa sharti moja: kamba isikazwe juu yake. Godoro likivutwa na kamba hukandamiza katikati ya kioo, na ufa hutokea ndani bila alama yoyote nje, mpaka siku ya kuiwasha. Kwenye friji, rafu za kioo hutolewa na kufungwa kama picha za fremu. Sahani ya kioo ya maikrowevu na jagi la blenda vivyo hivyo. Kuziacha ndani kwa kuzibana na taulo ni kubahatisha.

Kupakia

Katika lori, mahali penye msukosuko mdogo ni kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Sehemu ya bodi inayotokeza nyuma ya ekseli ya mwisho hurushwa juu zaidi kwenye kila shimo, na hapo huwekwa majembe, ndoo na viti vya plastiki. Maboksi ya vyombo hukaa mbele, karibu na kabini, sakafuni, yakibanwa na magodoro au masofa pande zote. Hayabebi kitu juu yake isipokuwa mengine ya aina yake au mito. Kwenye kirikuu, ambacho bodi yake ni fupi na springi zake ni ngumu kikiwa na mzigo kidogo, safari mbili za mwendo wa pole hushinda moja ya kurundika. Guta na mkokoteni ni vigumu zaidi; kwa nyumba iliyo mtaa wa pili, boksi la glasi hubebwa mkononi.

Lami nzuri hudanganya. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, umbali wa karibu kilomita 450 ambao watumishi wengi wa serikali wameufahamu tangu uamuzi wa kuhamia makao makuu ulipotekelezwa kuanzia mwaka 2016, barabara ni ya lami, lakini kila kijiji kina matuta yake, na kipande kibaya kuliko vyote huwa ni kilomita ya mwisho ya udongo kuingia kwenye nyumba mpya. Mtikisiko mdogo wa saa nane una madhara ambayo kishindo kimoja hakina: hulegeza kamba, hushusha vijazio, hufungua nafasi. Dereva anaposimama kula, mwenye mzigo apande kukagua kamba. Turubai lisiachwe hata wakati wa kiangazi. Boksi lililolowa mvua ya dakika kumi halina pembe tena.

Wapagazi waambiwe kabla ya kazi ni maboksi gani yana vyombo, na waoneshwe. Neno INAVUNJIKA huandikwa ubavuni, pande mbili au zaidi, kwa kalamu nene, kwa kuwa juu litafunikwa na boksi linalofuata. Mshale wa upande wa juu huwekwa papo hapo. Mchoro wa bilauri yenye mguu ni alama ya kimataifa na hueleweka hata na asiyesoma. Kuandika hivyo kwenye kila boksi, pamoja na la viatu, ni sawa na kutoandika kabisa. Malipo yakikubaliwa kwa siku badala ya kwa safari ya gari, mwendo hupungua na vyombo hufaidi.

Kifurushi kinachotumwa kwa basi bila mwenyewe hufungwa kwa matarajio mengine. Kwenye buti kitatupwa, kitawekewa gunia la viazi juu, na kitashushwa usiku na mtu asiyekijua. Hapo boksi ndani ya boksi ni lazima, na kauri nzito ni bora isitumwe.

Kufungua

Maboksi ya vyombo hufunguliwa baada ya kabati kusimamishwa na kupanguswa, juu ya meza, kwa kisu kifupi kinachokata selotepu tu. Kila karatasi hufunuliwa hadi mwisho kabla ya kutupwa: vifuniko vya mabirika na vikombe vya kahawa hupotelea kwenye rundo la magazeti zaidi ya barabarani. Chombo kilichoshinda juani ndani ya gari kisioshwe kwa maji baridi papo hapo, kwa sababu kioo chenye joto kikipozwa ghafla hupasuka. Chupa ya chai huinamishwa taratibu karibu na sikio. Ikisikika chekecheke ndani, kioo kimevunjika na isimiminwe kitu. Isiyolia hupewa kwanza maji ya uvuguvugu, ndipo ya moto.

Friji iliyosafiri imesimama husubiri saa chache kabla ya kuwashwa, na iliyolazwa huachwa hadi siku nzima, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Runinga iliyotoka kwenye gari la baridi la alfajiri ipewe muda wa kuzoea joto la chumba.

Vilivyovunjika hupigwa picha vikiwa bado ndani ya boksi, kwa kuwa mahali na namna vilivyokaa huonyesha kama ni boksi lililodondoshwa au ni upangaji, na kampuni iliyokubali kulipa fidia itauliza hilo. Baada ya hapo vipande hufungwa ndani ya gazeti nene, hutiwa kwenye mfuko wa pekee na kuandikwa VIOO, maana wazoa taka wengi hupanga taka kwa mikono mitupu.